Mgeni Hula, Jirani Hupika

Kijiji chenyewe sijakitia mguu mpaka leo, lakini nakijua kuliko ninavyoijua Bawshar ya Maskati niliyozaliwa. Hapa Bawshar nikitoka bila simu ya kunionyesha njia napotea, wallahi, mtu mzima na gari langu. Lakini niweke pale kijijini, kule Jawa, Indonesia, nizungushe mara tatu, kisha uniulize kwa Mzee wa Bata ni wapi. Nitakwambia: pita kibanda cha walinzi chenye gogo la kugonga, shuka mpaka ngazi ya nne ya mpunga, ukisikia kelele umefika. Nilifundishwa na Yaya wetu, na Yaya hakuwa mtu wa kumfundisha mtu kitu nusu.

Tulimwita Yaya ingawa wa kulelewa nilikuwa mimi peke yangu, tena nna miaka saba, najifunga viatu mwenyewe. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi za viza na hapo ndipo lilipokaa. Baba alimwita Yaya, mwenye duka alimwita Yaya, na siku moja daktari wa meno alitoa kichwa mlangoni akaita "Yaya!" naye akainuka. Alikaa kwetu miaka kumi na tano. Lugha alifundishwa na Bibi, mama yake Baba, aliyekuja Maskati kutoka Unguja akiwa msichana na akakataa kata kata kusema Kiarabu ndani ya nyumba. Kwa hivyo ungemsikia Yaya jikoni bila kumwona, ungeapa kuna kikongwe wa Ng'ambo ya Unguja humo anagombana na sufuria: "Nnakwambia tulia, nawe! Ebo!" Wageni wa kike walikuwa wakija mpaka mlango wa jiko kumwamkia shikamoo, wanamkuta mwanamke mfupi wa miaka thelathini, kanga kiunoni, amekufa kwa kicheko.

Neno moja tu Bibi alishindwa kumwingiza kinywani, nalo ni "hapana". Kwao, kumwambia mtu hapana usoni ni kama kummwagia maji. Wao husema bado. "Yaya, umeshapanda ngamia?" Bado. "Umeshafika Marekani?" Bado. Bibi naye, akitaka kucheka, alikuwa akimuuliza, "Umeshakufa?" na Yaya anajibu kwa adabu zote, "Bado, Bibi." Ami yangu, kapera wa miaka hamsini aliyechoka kuulizwa na dunia nzima, alimpenda kwa sababu hiyo tu. Watu wakisema ami hakuoa, Yaya anasahihisha kutoka jikoni: "Bado hajaoa." Ami alikuwa akitembea wima wiki nzima.

Mama ilimchukua muda kuelewa kwamba "bado" nyingine za Yaya zilikuwa hazina mwisho. "Yaya, umepiga pasi yale mapazia?" Bado. Mwezi umepita, bado. Mwaka umepita. Mapazia yale yaliondoka nyumbani na makunyanzi yake.

Sasa kijiji. Ramani yake aliichora mwenyewe kwenye boksi la friji mpya, akaibandika nyuma ya mlango wa stoo. Alianza na mkaa, halafu akanipora kalamu zangu zote za rangi. Juu kabisa kuna mlima unaotoa moshi. Yaya alisema mlima wao unavuta sigara, na ukizidisha, watu wanahama siku mbili tatu, kisha wanarudi kufagia majivu. Chini ya mlima kuna mfereji mmoja wa maji, na kutoka kwenye mfereji mashamba ya mpunga yanashuka kwa ngazi, moja chini ya nyingine, maji yakimaliza kwa huyu yanakwenda kwa yule. Halafu msikiti wenye kuba la bati. Halafu kibanda cha walinzi na lile gogo lililochimbwa ndani: likigongwa polepole kuna maiti, likigongwa mbio mbio kuna moto au mwizi, na likigongwa ovyo ovyo ujue kuna watoto na punde watalia.

Watu wa ramani ile nilikuwa nawajua wote. Mzee wa Bata alikuwa anachunga bata mia mbili kwa mwanzi mrefu uliofungwa kitambaa ncha, na bata wale walikitii kitambaa kuliko watoto wake walivyomtii yeye. Ndugu wawili, mmoja fundi baiskeli na mwingine muuza tofu ya soya, walikuwa hawasemezani lakini kisima chao kimoja, kwa hiyo waliongea kwa kupitia mbuzi. "Ewe mbuzi, mwambie huyo ndoo aliyochukua si yake." Mbuzi anatafuna. "Ewe mbuzi, mjibu kwamba nilijua." Nilikuwa nikilala na kicheko mdomoni. Wanawake nao wakati wa kuvuna, kwa mpunga ule wa kienyeji, walikata shuke moja moja kwa kijiwembe kilichofichwa kiganjani ili mpunga usishtuke. Hapo Bibi alisimamisha hadithi.

"Mpunga unaogopa?"

"Bibi, wewe mtu akikujia na panga, utacheka?"

Bibi akafikiri. "La," akasema, "kweli." Na tangu siku hiyo alikuwa akiosha mchele kwa heshima.

Lakini aliyetawala ramani nzima alikuwa Bi Mkubwa wa Sufuria. Hakuwa na cheo chochote cha serikali na mkuu wa kijiji mwenyewe alimwogopa. Kazi yake ilikuwa kusimamia jiko la shughuli. Kwao hakuna kukodi mpishi. Ukiwa na harusi au maziko, alfajiri wanawake wa kijiji wanaingia uani kwako, kila mmoja na kisu chake, na hakuna aliyewaita. Anayengoja kualikwa si mwenyeji. "Mgeni hula, jirani hupika," alikuwa akisema Yaya, na alilisema kwa uzito ambao wengine huweka kwenye aya. Mambo yake yote yalisimama juu ya hilo.

Lakini hilo lilikuwa na upande wa pili. Kila mwaka kijiji kina siku ya kusafisha mfereji, na kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe. Usipokwenda hutozwi faini wala huambiwi neno. Kwao hapasemwi neno. Unaacha tu kuhesabiwa, taratibu, na siku ya shughuli yako unaamka alfajiri, unawasha moto, na uwanja uko kimya. Yaya alikwisha kuona nyumba moja ikifanyiwa hivyo. Mama wa bwana harusi alikoroga wali peke yake huku amejipamba, na jasho likamfuta poda yote. Alituhadithia mara moja tu na hakucheka.

Na Yaya alikuwa na binti. Alimwacha kwa mama yake akiwa na miaka mitano, ili alishwe na asomeshwe kwa kazi ya Maskati. Kila hesabu yake iliishia siku moja mbele huko, siku ya harusi ya binti yule. Hakuwa akiomba nguo wala dhahabu. "Nnaogopa kitu kimoja, Bibi," alisema siku moja wakichambua mchele. "Nikae huku miaka yote hii, mfereji nisiuguse, halafu siku ya mwanangu nani atakuja kukoroga sufuria?"

Bibi akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Jibu Yaya alilipata mwenyewe, kwenye falaji. Babu alituachia kishamba kidogo Bawshar ya zamani, mitende kumi na minne na mindimu, pamoja na zamu yetu ya maji ya falaji, yaani ule mfereji wa kale unaoleta maji mashambani. Sisi tuliorudi kutoka Afrika tulikuwa tunajua karafuu na minazi. Habari za falaji hatukuzielewa, na aibu ya kuuliza tulikuwa nayo, maana majirani tayari walituita Wazinjibari. Zamu yetu ilikuwa Jumanne alasiri. Hakuna aliyekwenda kufungua maji, yakapita kwenda kwa jirani, na jirani akamshukuru Mungu. Mitende ilianza kukauka vichwa.

Mwezi wake wa sita tu, Yaya alipita pale na kapu la sokoni, mimi nyuma yake, akasimama. Akapiga magoti. Akatia mkono kwenye maji, akaangalia yanakotoka na yanakokwenda, akageuka kwangu uso umemwaka furaha. "Ala! Kumbe nanyi mna watu!" Siku ile ile alinikokota mpaka kwa wakili wa falaji, si wakili wa mahakamani, ni mzee anayegawa zamu za maji. Mzee hakujua Kiswahili, Yaya hakujua Kiarabu, na mimi mkalimani nna miaka saba. Akachukua kijiti akachora chini: maji haya, kijilango hiki, huyu anafungua kabla ya wakati wake. Mzee akatazama mchoro. Akatazama saa yake. Kisha akacheka mpaka kofia ikamteleza, akaagiza kahawa. Tangu hapo alimwita binti wa falaji, na Jumanne alasiri ole wake mtu aguse maji yetu.

Basi siku ya mfereji ilipofika kule kwao, Yaya alichukua jembe la Babu akaingia kwenye falaji ya Bawshar. Alisafisha kipande chetu, kutoka msikitini mpaka shambani, matope mpaka magotini. Mimi nikampiga picha kwa simu ya Mama, na picha ikatumwa kwa Bi Mkubwa wa Sufuria, ambaye alikuwa na simu nzima kuliko wote. Nyumba fulani imetoa mtu wake, ndiyo maana ya picha ile, hata kama mfereji wenyewe uko ng'ambo ya bahari. Jibu likaja: kidole gumba. Hakuna zaidi. Yaya alikitazama kidole kile siku nzima, akawa anakuja kuniomba simu ati aone saa.

Mwaka wa pili niliingia majini na mimi. Wa tatu akaingia Baba, suruali imekunjwa, halafu ami, halafu majirani wenyewe kwa kuona haya, na wakili wa falaji akaja na tende na birika la kahawa akakaa ukingoni kutoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Ikawa ada. Sisi Wazinjibari tukawa watu wa falaji, na aliyetuingiza ni Mjawa! Dunia hii.

Usidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyehubiri kusaidiana asubuhi na jioni alikuwa hataki mtu jikoni kwake. Hataki! Nilikuwa nasimama mlangoni, "Yaya, nikusaidie kukata vitunguu?" na yeye, bila kugeuka, "Bado." Miaka kumi na tano. Mama alikuwa akiingia kwa kunyata kuchukua maji ya kunywa kwenye nyumba yake mwenyewe. Bibi alijaribu mara moja kuonja mchuzi akafungiwa mlango. Vilevile alitufundisha kwamba kupaza sauti ni utovu wa adabu, halafu jioni anapanda na mimi darini kucheza badminton, na akishinda anapiga ukelele mpaka muadhini anachungulia. Alikuwa akishinda kila siku. Mimi mtoto wa miaka minane, hakunionea huruma.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mwaka niliotimiza kumi niliteleza nikatumbukia kwenye falaji na sare ya shule, nikavunjika mkono wa kulia. Mkono ukatiwa plasta, na Yaya, kunituliza, akanichorea bata saba juu yake, wamefuatana. Siku ya mfereji nilisimama pembeni na plasta yangu na ami akatupiga picha. Kidole gumba kikaja.

Mwaka uliofuata Bibi alifanyiwa operesheni ya goti, na Yaya akakesha naye hospitali siku tatu, akimgeuza, akimpaka mafuta, akigombana na wauguzi. Siku ya mfereji ikapita katikati yake. Nilimwona amekaa kwenye kiti cha plastiki, anahesabu vidole, anaanza tena, kama huenda amekosea siku. Mimi nikaona huyu mtu atakosa harusi ya mwanawe kwa sababu ya goti la Bibi, na nna simu mkononi. Basi nikatuma picha ya mwaka uliopita. Kidole gumba kikaja! Nilijiona nna akili kuliko wizara nzima, na sikumwambia mtu.

Wiki moja baadaye ikaja video. Uwanja wa msikiti wenye kuba la bati. Wanaume wameketi kwenye mikeka, katikati mlima wa wali wa manjano umepambwa kwa mayai na pilipili, imamu anaomba, wote wanaitikia. Na mbele ya wali, imeegemezwa kwenye birika, picha yangu mimi. Tulikuwa chumbani kwa Bibi, tumeizunguka simu. Yaya akasikiliza mpaka mwisho. Akanigeukia polepole.

"Wanauombea mkono wako," akasema. "Wanasema maskini, mwaka mzima haujapona."

Baba alitoka nje akashika ukuta kwa kicheko. Bibi, kitandani na goti lake, akainua viganja akasema, "Aamin." Nami nilitaka ardhi ipasuke, kwa sababu Yaya hakucheka. Niliungama pale pale, naye akakaa chini.

"Wanajua?" nikauliza.

"Sijui, mwanangu."

"Si uwaulize?"

"Nikiuliza, asiyejua atajua." Na ndiyo kweli yenyewe. Katika kijiji kile hakuna atakayekwambia umesema uongo. Atakuombea mkono wako. Na hutojua kamwe kama ni dua au ni hukumu, mpaka siku uwashe moto alfajiri usikilize uwanja.

Siku tatu hakunisemesha. Ijumaa akachukua jembe, akasafisha kipande chetu chote, nikamfuata nikilia na ndoo. Nilipotoa simu alisema, "Picha ya nini? Picha yako imeshafika." Sijapigwa kofi maishani lililouma vile.

Kuanzia mwaka wa pili yake, kila picha iliyokwenda Jawa ilinionyesha mimi mbele kabisa, mikono yote miwili juu, mitupu mpaka mabegani. Yaya mwenyewe alinipanga. "Juu zaidi! Zungusha kiwiko! Waone!" Miaka kumi mfululizo nilipigwa picha kama mtu aliyekamatwa na polisi. Vidole gumba vilikuja, na hatukujua maana yake.

Kisha binti akapata mchumba, na Yaya akaondoka. Bibi alimpa sufuria yake ya biriani, ile kubwa aliyoolewa nayo, ambayo Mama mwenyewe hajawahi kuruhusiwa kuiosha. "Wakija, iwatoshe," Bibi alimwambia. "Na wasipokuja, mwanangu, usikoroge kwenye kitu cha kuazima." Uwanja wa ndege Sib askari waliifungua mara tatu, hawakuamini ni sufuria tu. Nililia nikiwa mtu wa chuo kikuu, mbele za watu, wala sikujali. Nilimpenda na nilimwogopea.

Ikaja picha ya bibi harusi. Mzuri, macho ya mama yake. Bibi akarekodi sauti papo hapo: "Hongera, mwanangu. Walikuja?" Jibu lilikuwa na adabu na halikuwa na msaada wowote: "Bibi, habari hiyo haisemwi kwa simu." Miaka miwili Bibi alikaa na jambo lile rohoni. Alikuwa anaweza kunyamaza katikati ya kula, kijiko hewani, akasema, "Lakini walikuja au hawakuja?" Na mimi chakula kinanishinda, kwa sababu kama hawakuja, sababu ni mkono wangu.

Mwezi wa Rajabu uliopita simu ikalia. Yaya yuko Makka, kwenye umra, na wenzake kumi na wanane wa kijijini. Ndege yao inapita Maskati na itakaa muda wa saa kumi na moja. Je, wanaweza kuja kusalimia?

Wanaweza! Mama alipanga kama anayepokea ubalozi. Mikeka mipya kwenye majlisi ya wageni, halwa, kahawa, ubani, na chakula akaagiza mkahawani, mbuzi wawili wazima juu ya wali, kitaletwa saa saba. Bibi alivishwa tangu alfajiri. Mimi niliomba ruhusa kazini nikakodi basi dogo kuwafuata.

Wakatoka mlango wa uwanja wa ndege, wote wamevaa zambarau ya sare moja, na mimi nikaanza kupiga kelele peke yangu. Mbele yao mzee mkavu ameshika mwanzi mrefu uliofungwa kitambaa ncha, watu wasipotee, na watu wanafuata kitambaa mguu kwa mguu. "Mzee wa Bata!" Nyuma yake wanaume wawili wenye pua moja, hawatazamani, na katikati yao Yaya, anageuza kichwa huku na huku kupeleka maneno. Safari hii mbuzi ni yeye! Nilimkumbatia mpaka akaninong'oneza kwamba watu wazima hawapazi sauti.

"Umetusahau?" nikamuuliza.

"Bado," akasema, na tukacheka na kulia kwa pamoja.

Nyumbani wanaume wakaingia majlisi. Mama akawaonyesha wanawake mikeka, "Karibuni, karibuni, kaeni." Hawakukaa. Aliyewaongoza alikuwa kizee kidogo, hafiki begani kwangu, na alipita mikeka, akapita halwa, akanyoosha moja kwa moja mpaka jikoni, na wengine wanane nyuma yake. Nikajua ni nani. Miaka yote nilimdhania jitu. Bi Mkubwa wa Sufuria alisimama mbele ya jiko letu la gesi, akaligusa, akakuta la baridi. Akamtazama Yaya. Yaya, kwa unyonge, akaeleza kwamba chakula kinakuja kwa gari. Wale wanawake walishusha pumzi kwa masikitiko kama walioambiwa kuna msiba. Kisha wakakunja mikono ya nguo, wakafungua makabati.

"Jamani, ni wageni hawa!" Mama alilia.

"Waache!" Bibi alisema. Alikuwa amejisukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni. "Yaya. Muulize huyo. Walikuja?"

Yaya akauliza. Bi Mkubwa wa Sufuria akaweka chini kisu alichokwisha kukipata, akasema kirefu, na Yaya akafasiri.

Alfajiri ile ya harusi Yaya alitandika sufuria ya Bibi juu ya mafiga, akawasha moto peke yake, akakaa akisikiliza. Uwanja kimya. Akachukua mwiko. Hakuwa amekoroga hata mara mbili, mtu akamnyang'anya mwiko kwa nyuma. "Umechelewa kuwasha," Bi Mkubwa alimwambia, na nyuma yake wanawake walikuwa wamejaa njia mpaka kibanda cha walinzi, kila mmoja na kisu chake.

"Alhamdulillah," Bibi alisema. Akarudia, na akarudia tena.

Nikajikaza. "Na ile picha?" nikasema. "Yaya, muulize. Walijua?"

Jiko zima likaangua kicheko kabla Yaya hajamaliza kuuliza. Walijua siku ile ile! Bata kwenye plasta walikuwa saba mwaka wa kwanza, na saba mwaka wa pili, na Mzee wa Bata ndiye aliyehesabu. Baadhi ya watu walinuna. Bi Mkubwa ndiye aliyesema upikwe wali, uombewe mkono. "Niliwaambia," Yaya alifasiri, "mtu aliyetuacha haogopi kutukosa, na huyu anaogopa. Na huko aliko ana mtoto wa watu wa kumsemea uongo. Basi huko nako ana majirani, na jirani akikosea tunamwombea."

Yule kizee akanyoosha mkono. Nikampa wangu wa kulia. Akaubonyeza kutoka kiganjani mpaka kiwikoni, taratibu, kama mtu anayechagua muhogo.

"Mkono umepona?" akauliza kupitia Yaya.

"Umepona."

"Basi," akasema, akanitia kisu mkononi, akaonyesha vitunguu.

Nikageuka kwenye meza. Wanawake walikwisha kujipanga bega kwa bega, na nafasi iliyokuwepo ilikuwa ile ya Yaya, mahali pake pa miaka kumi na tano, karibu na dirisha. Nikasimama na kisu changu, nangoja nisikie "Bado". Yaya alinitazama. Akafuta macho kwa kiwiko. Halafu akasogea kidogo, akanipisha.